Kutafuta Historia ya Ukoo Wako: Mwongozo Kamili wa Kuanzia

Mtu akipatwa na hamu ya kujua ukoo wake ulikotoka, siku hizi jambo la kwanza ni kushika simu. Anaandika jina lake la tatu kwenye mtandao wa nasaba, analetewa orodha ya Wamarekani na Waingereza, anafunga na kuachana na habari hiyo. Mitandao hiyo imejengwa juu ya sensa zilizoandika majina, vitabu vya makanisa vya karne nyingi, na jina la ukoo lisilobadilika. Wengi wetu hatuna hivyo. Juma Hamisi Athumani ni Juma mtoto wa Hamisi mjukuu wa Athumani. Mwanawe ataitwa Saidi Juma Hamisi, na hapo Athumani ameshatoka kwenye karatasi. Vizazi viwili baadaye hakuna cheti kinachomtaja.

Kwa hiyo kwetu kazi huanzia kwa wazee na kuishia kwenye nyaraka. Ofisi ya kumbukumbu itakusubiri miaka kumi. Bibi yako hatakusubiri. Nimeandika nikiwa na mtu wa Tanzania Bara akilini, ila wa Zanzibar na Kenya nao wataona njia yao inapopita.

Hatua ya kwanza: andika unachokijua wewe

Nunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mtu mpe ukurasa wake: wewe, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili. Andika majina yote aliyowahi kuitwa, la dini, la nyumbani, alilopewa jandoni au unyagoni, la utani, la kazini. Wanawake ndio wanaopotea zaidi. Bibi mzaa baba anajulikana kama Mama Asha tu, na ukiuliza wajukuu kumi jina alilopewa na baba yake, wanane hawalijui. Acha pengo hilo lionekane, lizungushie duara, maana ndilo litakalokuwa swali lako la kwanza ukitoka nyumbani.

Kanuni moja ishike tangu siku hii: kando ya kila habari andika nani kakuambia na tarehe. "Alizaliwa Kilosa" peke yake haina uzito. "Alizaliwa Kilosa (shangazi mdogo, Idi ya mwaka huu)" ina uzito, kwa sababu mwakani baba mkubwa atakuambia ni Mpwapwa, nawe utahitaji kujua ni nani kati yao aliyekuwa karibu zaidi na jambo lenyewe.

Kisha chagua upande mmoja. Una babu na bibi wanne. Ukianza na wote utachoka kabla ya mwezi kwisha. Anza na upande wenye wazee hai, hata kama upande mwingine ndio wenye sifa za kuwa na jumbe au mtemi.

Hatua ya pili: wazee

Hapa ndipo pa kutumia muda na nauli. Panga foleni yako kwa afya ya watu: mkongwe kabisa na anayeumwa ndio wa kwanza, wenye nguvu watafuata. Watu hukimbilia kwa msemaji wa ukoo, yule anayeshika kipaza sauti kwenye harusi. Mwache. Mtafute shangazi, na watafute wake walioolewa kwenye ukoo zamani. Mke aliyeingia akiwa binti alifundishwa nani ni nani ili asikosee kuamkia, na mafunzo hayo hayatoki kichwani. Kwa makabila yanayohesabu ukoo kwa mama, kama Waluguru, Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, mjomba ndiye mwenye habari. Ukimfuata babu mzaa baba atakueleza ukoo ambao kimila si wako.

Tarajia kushukiwa. Kijana wa mjini anayekuja kijijini na daftari akiuliza babu alikuwa na wake wangapi na mipaka ilipita wapi, kwa mawazo ya wengi amekuja kudai shamba. Kwa hiyo usiende peke yako mara ya kwanza. Nenda na mtu wanayemwamini, beba sukari, majani ya chai na sabuni, kaa, salimia vizuri, sema wazi unachotaka na kwamba mambo ya mirathi hayakuhusu. Siku hiyo usirekodi. Siku ya pili omba ruhusa, weka simu mezani ikionekana, na anza kwa kutaja tarehe, mahali na walio mbele yako.

Usianze na "ulizaliwa mwaka gani?" Atakujibu sijui, na mazungumzo yataanza kwa kushindwa. Anza na jina: nani alikupa jina hili, na kwa nini? Jina linabeba mengi. Chausiku alizaliwa usiku, Kulwa ana pacha wake Doto hata kama Doto alifariki mchanga na hatajwi tena. Tabu, Shida na Mashaka kila mmoja ana kisa chake, na kisa hicho mara nyingi kina njaa au msiba unaoweza kupatiwa mwaka. Kwa Wakikuyu mpangilio wa majina ni nusu ya kazi: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Ukiwapata watoto kwa kufuatana walivyozaliwa, majina ya wazazi wa wazazi wao umeshayashika.

Shida kubwa ya mazungumzo haya ni kwamba kila mtu ni ndugu, kila mzee ni babu, na baba wako wengi. Kwa hiyo kila jina jipya likitajwa rudi nyuma kidogo: ni tumbo moja? Baba mmoja mama mmoja, au baba mmoja tu? Huyu baba ni mzazi, ni mkubwa au ni mdogo? Mwanzoni utajiona unamchosha mzee. Ukweli ni kwamba wazee wengi hufurahia kusahihisha, na hapo ndipo wanapokumbuka mke wa tatu aliyerudi kwao.

Mambo mengine ya kuuliza kabla hujaondoka: ukoo ulitoka wapi kabla ya hapa na ulikimbia nini, makaburi yako wapi, mwiko wa ukoo ni upi, na watani wenu ni nani. Mwiko usiudharau. Watu waliohama na kubadili hata lugha huendelea kutokula mnyama yuleyule, na nimeona koo mbili zilizodhani ni majirani tu zikigundua undugu kwa njia hiyo. Mtani naye anaruhusiwa kusema kile ambacho jamaa wenyewe wanakificha.

Hatua ya tatu: kuipata miaka

Ukishakuwa na hadithi, zigeuze kuwa miaka kwa kuzifunga kwenye matukio yanayojulikana. Chukua mfano huu wa Ugogo. Bibi anasema mama yake alikuwa binti wa kutumwa maji wakati wa Mtunya, na kwamba kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama huyo, alikuwa kijana mzima aliyeajiriwa kung'oa vichaka Kongwa "Wazungu wa karanga walipoingia". Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo, ilikuwa 1917 hadi 1920. Binti wa kutumwa maji tumkadirie miaka 7 hadi 12. Kama alikuwa na 12 mwaka 1917 alizaliwa 1905, na kama alikuwa na 7 mwaka 1920 alizaliwa 1913. Sasa pima na tukio la pili: mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947. Kijana wa kuajiriwa hapungui miaka 16, kwa hiyo alizaliwa si baada ya 1931. Mama aliyezaliwa 1913 angekuwa na miaka 18 wakati huo. Hadithi mbili zinakubaliana. Andika "kati ya 1905 na 1913" na usiivute kuwa 1909 kwa sababu tu inapendeza.

Matukio ya kukusaidia ni mengi. Sotoka iliyomaliza ng'ombe miaka ya 1890. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kwa watu wa kusini. Vita ya kwanza ya dunia, 1914 hadi 1918, na homa iliyofuata. Vijana wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopelekwa Burma kwenye vita ya pili. Hali ya Hatari Kenya, 1952 hadi 1960. Mvua na mafuriko ya 1961 kuingia 1962, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976, Vita vya Kagera 1978 na 1979. Zaidi ya hayo kila wilaya ina njaa zake zenye majina; yakusanye, yaandike nyuma ya daftari. Kwa Wamasai na wengine wenye marika, uliza rika la mzee na nani alitahiriwa naye.

Pwani na visiwani wazee wengi hutaja miezi kwa mfungo. Mfungo mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani, na mfungo sita ndio wa Maulidi. Kumbuka mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo mtu "aliyezaliwa mfungo sita" huwezi kumpa mwezi wa Kizungu mpaka kwanza uujue mwaka.

Hatua ya nne: sanduku la bati

Karibu kila nyumba ina sanduku, mkoba au mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Omba ufunguliwe mbele ya mwenyewe. Utakuta vyeti vya ubatizo, kadi ya chama cha TANU au cha ASP, risiti za kodi ya kichwa, barua za manamba aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kadi za kliniki, na Kenya huenda ukakuta kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi ya mkoloni. Usiondoke na chochote. Kipige picha dirishani kwa mwanga wa mchana, bila flashi, mbele na nyuma. Nyuma ya picha za zamani ndiko kulikogongwa mhuri wa studio, na studio inakuambia mji. Mwombe mzee ataje waliomo kutoka kushoto kwenda kulia huku unarekodi.

Hatua ya tano: misiba

Kwetu hakuna mahali panapokusanya nasaba kama msibani. Wasifu wa marehemu unaosomwa kabla ya mazishi una mahali pa kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu. Omba nakala kwa aliyeusoma kabla karatasi haijafungiwa vitumbua. Kenya matangazo ya vifo magazetini hutaja baba, kaka, wakwe, mabinamu na kijiji cha maziko, yaani mti mzima kwenye nafasi ndogo. Watu wazima Bara wanakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, na ule msemo wa "habari ziwafikie" uliofuatwa na majina ya ndugu na miji waliko. Waulize waliyasikia yapi.

Wasifu una tabia moja: unasitiri. Mke wa kwanza aliyeachika na mtoto wa nje huwa hawamo. Dawa yake ni muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi. Humo warithi wameorodheshwa na wanandugu wameweka sahihi au dole gumba, na anayeachwa nje huja kupinga. Jalada la mirathi yenye ugomvi lina habari nyingi kuliko mirathi kumi za amani. Kenya tafuta barua ya chifu inayotaja warithi.

Siku ya mazishi usiulize mtu chochote. Bebeni viti, kaeni na watu. Maswali yangoje arobaini, hitma au kuanua matanga.

Hatua ya sita: vitabu vya dini

Vitabu vya ubatizo ndivyo karatasi za zamani kabisa zinazowataja watu wa kawaida wa Bara kwa majina. Lazima ujue nani alihubiri wapi na tangu lini, la sivyo utapoteza nauli. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868. UMCA, Waanglikana, walikuwa Masasi 1876. Wamoravian walianza Rungwe 1891, Walutheri wa Leipzig Kilimanjaro 1893, na Wabenediktini walifungua Peramiho 1898 na Ndanda 1906. Kenya, CMS, wamisionari wengine wa Kianglikana, walianzisha Frere Town karibu na Mombasa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani.

Kwa Wakatoliki, angalia cheti kama kina namba ya LB, yaani kitabu cha wabatizwa. Ukiwa nayo katibu wa parokia atafungua ukurasa moja kwa moja. Usipokuwa nayo, andika barua fupi yenye jina la ubatizo, jina la kienyeji, la baba, la mama, kigango na mwaka wa kukadiria. Jihadhari: parokia nyingi zilizaliwa kutokana na nyingine, na vitabu vya zamani hubaki kwenye parokia mama. Ukifika kwenye mstari wenyewe soma na pembeni, kwa sababu ndoa na kipaimara huandikwa humohumo, na ndoa itakutajia parokia ya mwenzi. Msimamizi wa ubatizo naye mwandike. Mara nyingi ni jamaa.

Kwa Waislamu hakuna kitabu kimoja cha namna hiyo. Kuna vyeti vya ndoa vyenye walii na mashahidi, hukumu na mirathi za makadhi kwa Zanzibar na pwani ya Kenya, hati za wakfu, na maandishi ya makaburini. Baadhi ya koo, hasa za masharifu wa asili ya Hadhramaut, wana nasaba iliyoandikwa kwa Kiarabu. Isome kwa heshima, na pia kwa macho: vizazi vya karibu huwa sahihi, vya mbali sana mtu aliviandika akiwa na sababu zake.

Hapa niseme kuhusu utumwa, maana pwani, Tabora na Ujiji utakutana nao. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Wapo wajukuu wa watu wale wanaoishi hadi leo. Aliyeachwa huru mara nyingi alichukua nisba ya bwana wake, hivyo jina la ukoo wa Kiarabu si ushahidi wa damu. Ukiona mzee anaruka kizazi kimoja kila mara, usimbane. Uliza alikuwa akifanya kazi wapi na kwa nani, uache pengo, na jambo hilo usilitangaze kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Hatua ya saba: makaburi na mahame

Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwa mamilioni, makaburi yakabaki. Kwa hiyo kijiji kinachoandikwa kwenye kitambulisho cha baba yako huenda si alikozaliwa babu. Uliza mahame yenu ni wapi na uende na mzee anayekumbuka miti: mwembe, mbuyu, uzio wa minyaa. Uchaggani wafu wamezikwa kihambani na masale yamepandwa, na Desemba watu wote wako nyumbani, basi nenda wakati huo. Kila kaburi lipigie picha na uhifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu.

Hatua ya nane: serikali na nyaraka

Usajili wa vizazi Tanganyika ulianza enzi ya Waingereza, lakini kwa Waafrika wengi haukuwa lazima, kwa hiyo usitarajie cheti cha babu RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Rejista za shule za msingi zina faida zaidi kuliko watu wanavyodhani: jina la mzazi, kijiji, mwaka wa kuandikishwa.

Ukimaliza hayo yote ndipo uende Kumbukumbu za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, au Nyaraka za Taifa Kilimani kwa Zanzibar, au jengo la Moi Avenue Nairobi. Huko majina ya watu wa kawaida ni machache. Utakachopata ni mazingira: majumbe waliokuwepo, kesi za mipaka, kodi, uhamiaji wa vibarua. Omba vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza. Maofisa waliandika humo nasaba za watawala na historia za makabila walivyosimuliwa. Jua majina ya kale ya miji. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg, Murang'a ni Fort Hall. Wajerumani waliandika Muansa na Udjidji, basi jina la babu nalo lijaribu kwa tahajia kadhaa.

Kama babu alikuwa mpagazi kwenye vita ya kwanza, jitayarishe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti ya 2021 kwamba Waafrika na Waasia wengi mno waliokufa hawakukumbukwa kwa majina. Simulizi ya bibi huenda ndiyo rekodi pekee iliyopo.

Vipimo vya vinasaba (DNA)? Kwa anayeanza, akiba hiyo iwe nauli ya kwenda kwa shangazi. Makampuni yanayopima yana watu wachache wa Afrika Mashariki, kwa hiyo utaambiwa asilimia za eneo zima na kuletewa binamu wa mbali walioko Marekani. Sayansi yenyewe si ya kubeza: utafiti wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani uliotoka 2023 ulionyesha mchanganyiko wa akina mama wa Kiafrika na akina baba ambao wengi asili yao ni Uajemi, kuanzia kama mwaka 1000. Ila hiyo ni habari ya watu wa zama hizo, haikutajii babu wa babu yako.

Kuiweka pamoja

Programu ya Gramps ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. FamilySearch nayo ni bure, na imekuwa ikirekodi nasaba za kusimuliwa katika nchi kadhaa za Afrika, kwa hiyo angalia kama wilaya yenu imefikiwa. Tarehe za kuzaliwa na namba za vitambulisho vya walio hai usiziweke mtandaoni wala kwenye grupu. Simulizi mbili zikigongana, ziandike zote mbili na wasemaji wake.

Halafu chapisha rasimu, hata kurasa nne, kwa herufi kubwa, kila ukurasa wa kushoto ukiwa mtupu. Wapelekee wazee. Aliyekuambia hakumbuki kitu ataona jina la mama yake limekosewa, ataomba kalamu, na ukurasa wa kushoto utaanza kujaa.